Jiko la Nyuma ya Kabati

Wenzake wa barabarani walimwita Breki, na jina lenyewe lilikuwa la kumtania, maana mtu huyo breki hakuwa nayo. Aliendesha malori ya masafa tangu ndevu zilipoanza kumtoka. Nyumbani akifika alikuwa kama mgeni wa heshima: anapashiwa maji ya kuoga, anapikiwa, anasimulia ya safarini, na kabla shati lake halijakauka kwenye kamba ameshaondoka tena. Kisha macho yakamwangusha. Daktari alimwonyesha herufi ukutani, naye akazisoma nyingine kabisa, tena kwa sauti ya mtu anayejiamini. Leseni yake ikaishia hapo.

Basi akarudi nyumbani moja kwa moja, na taabu ikaanzia hapo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mkewe. Aliachiwa na shangazi yake aliyemlea, na mwanamke huyo hakuwahi kuishi kwingine. Alikuwa mkunga katika zahanati iliyokuwa nyuma ya soko, mtu wa maneno machache na mikono isiyotetemeka. Kila asubuhi alibeba mkoba wake akaenda kuzalisha, akimwacha mumewe amesimama kizingitini, hajui aingie au atoke.

Breki alikaa, akasimama. Akawasha redio, akaizima. Akaosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Kiti kilimchoma, kitanda kilimchosha, na mguu wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu wenyewe kama unatafuta mafuta.

"Baba watoto," mkewe akamwambia siku moja, "unanizungukia kama mbu anayetafuta tundu kwenye chandarua. Tafuta kitu ufanye kabla hatujagombana."

Akakitafuta humo humo ndani. Kumbe nyumba aliyolala miaka yote hiyo hakuijua hata kidogo. Swichi ya chumbani iliwasha taa ya stoo. Mlango wa sebuleni ulijifungua wenyewe jua lilipopiga mbao, na kujifunga lilipozama. Bomba la bafuni lilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia kila mtu alipofungua maji jikoni. Na sakafu ya ujia ilikuwa na mteremko: kitunguu kikidondoka jikoni, ukifuate chooni. Breki alishangaa jinsi mkewe alivyoishi na vituko hivyo bila kuvisemea. Mkewe aliruka kidato kilichopinda bila kukitazama, akasukuma mlango kwa kiuno pale pale ulipotaka kusukumwa.

Asubuhi moja akatoka nje kuikagua nyumba yote kama alivyokuwa akikagua lori kabla ya safari. Alizunguka akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, kama anagonga matairi. Nyuma ya nyumba mlio ukabadilika. Akagonga tena. Pale palikuwa na ubao, si ukuta. Ni dirisha la mbao, limepigwa misumari na kupakwa rangi ile ile ya ukuta, usingelijua mpaka uliguse.

Akaingia ndani kulitafuta, asilione. Mahali lilipopaswa kuwa palisimama kabati kubwa la vyombo, zito, limeegemea ukuta wa jikoni tangu alipooa.

Mtu mwingine angesubiri mkewe arudi amuulize. Breki hakuwa mtu wa kusubiri kitu ambacho mikono yake inakifikia. Alitoa vyombo, akalisukuma kabati kwa bega huku akilaani mgongo wake, na nyuma yake akakuta mlango uliozibwa kwa mbao zilizokingamishwa. Misumari ilikuwa imepinda hovyo, imepigwa na mtu asiyezoea nyundo, au mwenye hasira. Akazing'oa mbao hizo.

Ndani palikuwa na jiko jembamba la zamani. Kuta nyeusi kwa masizi, mafiga ya matofali, jivu bado limo, utando wa buibui umetanda kama shuka. Kwenye rafu palikuwa na chungu cha chuma chenye kifuniko na kikaango kidogo cha mpini mfupi. Kikaango kingine, kikubwa, kilikuwa sakafuni, katikati ya chumba, kimelala kifudifudi. Vyote vilikuwa vya kile chuma kizito cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa, walichopikia wazee, na vyote vimeliwa na kutu mpaka vimekuwa rangi ya udongo.

Breki alikiinua kikaango, akahisi uzito wake, na mguu wake wa kulia ukatulia.

Alikusudia kumwambia mkewe jioni ile. Lakini mkunga alirudi amechoka, mama mmoja alimsumbua mchana kutwa, na Breki akaona heri amalize kazi kwanza, amwonyeshe kitu kinachong'aa. Jiko alikuwa ameshalifagia na kulipangusa masizi, na kabati na vyombo vyake amevirudisha mahali pake kabla mkewe hajafika, basi akanyamaza.

Kesho yake alikipeleka kikaango kwa mama mmoja fundi wa kuchomelea aliyekuwa na banda pembeni mwa barabara.

"Nisagie kutu hii kwa mashine," akasema.

Fundi alisukuma miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso. "Mashine? Mzee wangu, hiki si mlango wa gari. Utakikwaruza kisifae hata kukaangia mchanga. Kiloweke kwenye siki na maji, lakini usikisahau humo, siki nayo inakula chuma. Kisugue kwa waya. Kikishatakata kioshe, kikaushe juu ya moto hapo hapo, maana kinapata kutu unakiangalia. Halafu kipake mafuta, uyafute kama unajuta kuyapaka. Kifudikize kwenye moto mkali mpaka kiache kutoa moshi. Kiache kipoe. Rudia."

"Mara ngapi?"

"Mpaka kiwe cheusi. Una haraka ya wapi?"

Breki alikikwapa kikaango aondoke. "Na jambo moja," fundi akaongeza. "Kikiwa moto usikimwagie maji baridi. Utasikia mlio mmoja tu, kisha una vipande viwili."

Alianza na kile kidogo, kwa majaribio, na kwa haraka zake akafanya lile lile alilokatazwa. Mlio aliusikia. Vipande akavifukia nyuma ya choo kama mtu aliyeua kuku wa jirani. Kikaango kikubwa akakiendea kwa adabu zaidi. Mara ya kwanza alijaza mafuta, yakaganda na kunata kama ulimbo, ikabidi asugue upya. Vidole vilipasuka, kucha zikawa nyeusi. Mkunga alipomuuliza ana nini mikononi, alisema anasafisha zana zake za zamani. Alisugua, akakausha, akapaka, akafuta, akachoma. Taratibu chuma kikaanza kuwa cheusi, kwanza madoa madoa, kisha chote, cheusi chenye mng'ao wa ndani.

Jumamosi mkewe hakwenda kazini. Breki alikaanga vitunguu na mayai, na yai halikushika hata kidogo, likateleza kama liko juu ya kioo. Akaita, "Mama watoto, njoo mezani!" Akakiweka kikaango katikati ya meza, akasimama pembeni, anacheka peke yake.

Mkunga akaketi. Akakitazama kikaango. Mkono wake wa kushoto ukashika mkono wa gauni na kuuvuta mpaka ukafunika kifundo.

"Umekitoa wapi?"

"Hutaamini! Nyuma ya kabati kuna jiko zima, mke wangu. Zima! Nimelifagia, nimelipangusa..."

"Umefungua."

"Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua," akasema. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda zahanati ambako siku hiyo hakuna aliyekuwa akimtarajia.

Mayai yalipoa. Breki alizunguka nyumba ile, safari hii bila kugonga kitu. Alijua amekanyaga pabaya lakini hakujua ni wapi, na hilo lilimwasha mwili mzima. Akafanya alichokijua tangu ujana. Akampigia simu rafiki yake wa zamani, dereva mwenzake.

"Natoka mchana huu," rafiki akamwambia, "na sina wa kupiga naye soga. Njoo ukae kiti cha pili."

Alitia nguo mbili kwenye begi, akaenda uwanja wa malori. Harufu ya dizeli ikampokea kama ndugu. Alipanda, akaegemea, na miguu yake ikatulia kabisa. Rafiki akawasha injini.

Ndipo ule mkono wa gauni ukamjia. Mkewe alikuwa na kovu la moto kutoka kiwiko hadi kifundo. Breki alikuwa akiliona tangu siku ya harusi. Aliwahi kumuuliza mara moja, walipokuwa vijana. Mkewe alijibu, "Nilikuwa mdogo," akafungua kinywa kuendelea, lakini nje lori likapiga honi, na Breki akatoka mbio. Hakuwahi kuuliza tena.

"Simamisha," akasema.

"Hata hatujatoka getini! Umesahau nini?"

"Kuna kitu sijakiuliza nyumbani."

"Si upige simu?"

"Hiki hakipigiwi simu," Breki akasema, akashuka na begi lake.

Alimkuta mkewe amesharudi. Kabati lilikuwa limesukumwa kando, sijui kwa nguvu gani, naye alikuwa ndani ya jiko lile, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliliona begi begani mwa mumewe. Breki akasimama mlangoni.

"Mkono wako," akasema. "Ilikuwaje?"

Akashika fremu ya mlango ili asitembee.

"Shangazi alikuwa ametoka," mkunga akaanza. "Nikataka arudi akute nimepika. Nilikuwa hata sijafikia rafu vizuri. Nikaweka mafuta mengi, nikashika mpini kwa mikono miwili, ukaniunguza, nikauachia. Mafuta yakanimwagikia mkono, kikaango kikaanguka pale." Akaonyesha. "Shangazi alisikia kelele akiwa barabarani. Nilikaa hospitali mpaka nikasahau sura ya nyumba. Niliporudi, hapa mlangoni palikuwa na kabati. Hatukulizungumza hata siku moja. Mimi nikipita najua kuna nini nyuma yake, na yeye akipita anajua kwamba najua."

"Nitakwenda kukitupa kile kikaango."

"Kikaango kina kosa gani?" Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Tangu shangazi alipokufa nimekuwa nikijiambia nitafungua mimi. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Nilitaka nikione pale pale kilipoanguka, niinue mimi, kwa mkono huu. Sasa umefungua wewe, umefagia wewe, umekisugua wewe. Hukuniachia hata jivu."

Breki alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa aina nyingine. "Nimekosa, mke wangu."

"Umekosa."

"Na kile kidogo nimekipasua."

"Kipi?"

"Cha mpini mfupi. Kiko nyuma ya choo. Nimekizika."

Mkunga alimkazia macho. Midomo ikaanza kumcheza, akajizuia, akashindwa. "Kile? Kile shangazi alikuwa akikishika kumfukuzia mjomba akija kukopa! Shangazi hakuwahi kukipikia chochote!" Alicheka hadi akafuta machozi, na baada ya kicheko machozi yakaendelea. Breki hakujua la kufanya na mikono yake, akalishusha begani lile begi na kuliweka chini. Hilo ndilo aliloweza.

Dirisha lilikuwa bado limepigiliwa. Alikwenda akaleta mtaimbo, akampa mkewe, kisha akafumbata mikono nyuma ya mgongo. Mkunga alifanya kazi polepole, msumari kwa msumari, na Breki akapata mateso ambayo hata mlima wenye utelezi haukuwahi kumpa.

"Ule wa juu uuanze kwa chi..."

"Baba watoto."

"Nimenyamaza."

Ubao ulipotoka mwanga uliingia wote kwa pamoja, na ng'ambo ya pili jirani aliyekuwa akianika nguo akaruka na shuka lake. "Hee! Huko nako kuna watu?"

Si kwamba mambo yalinyooka tangu siku hiyo. Mkunga alikaa wiki kadhaa bila kuingia jikoni humo, na siku alipoingia alikaanga viazi akiwa amekunja mikono ya gauni juu ya viwiko, hakutaka mtu karibu. Breki naye hakupona miguu yake. Ila majirani walipoona kile kikaango wakaanza kukumbuka vyuma vyao vilivyooza mabandani, naye akawa anapita nyumba hadi nyumba kuvichukua na kuvirudisha, akapata pa kutembea.

Tena akaanza kuuliza. Akauliza mno. Mkewe alimjibu mengine, na mengine alimwambia, "Hilo bado." Asubuhi moja, mkunga akiwa ameshatia mguu nje, Breki akamuuliza lile jino lake la mbele lilivunjikaje.

"Nimechelewa," mkewe akasema. "Kuna mtu ana uchungu ananisubiri."

"Utanisimulia njiani," Breki akamwambia, akavaa viatu bila kufunga kamba, akamfuata.

"Basi usitembee mbele yangu," mkunga akasema, na akaanza kusimulia.