Ombi la Kinyozi

Kaka yangu ni kinyozi, na ni mtu asiyejua kuomba. Simsifu, namlalamikia. Mwaka ule paa la chumba chake lilipovuja, alihamisha kitanda kona hadi kona mpaka akawa analala mlangoni, na jirani yetu wa ukuta mmoja ni fundi wa mabati. Nilipomuuliza kwa nini asimgongee, akanijibu kwamba fundi ana kazi nyingi. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa nje anakata kucha.

Tunaishi wawili tu katika nyumba aliyotuachia baba. Mimi nilirudi hapo ndoa yangu ilipovunjika. Kaka, ambaye hakuwahi kuoa, alinifungulia mlango, akanipokea sanduku, asiniulize hata neno moja. Kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba amenyamazia yangu ili nami ninyamazie yake, na mimi kunyamaza sikuumbiwa.

Chumba chake cha kunyolea kiko mtaa wa nyuma, ubavuni mwa fundi baiskeli. Kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu kilichoanza madoa pembeni, benchi la wanaosubiri na mkanda wa ngozi wa kunolea wembe. Mashine ya umeme anayo, ya vijana. Watu wazima walimfuata kwa ajili ya wembe. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata mteja akasinzia povu likiwa bado mashavuni, na kaka akamwacha alale kidogo kabla ya kumgeuza upande wa pili.

Mwaka jana mkono huo, wa kulia, ulianza kutetemeka. Niliuona kwanza tukinywa chai, kikombe kikigonga kisahani mfululizo. Nilipomtazama akakiweka chini, akasema kuna baridi. Nje jua lilikuwa la kupasua kichwa. Tangu siku hiyo yeye akajitia hamnazo, nami nikajitia hamnazo, tukaendelea kupishana jikoni kama watu waliokoseana. Dukani alianza kuegemeza kifundo cha mkono kwenye kichwa cha mteja ili kiganja kitulie. Niliyaona hayo nilipompelekea chakula, nikarudi kazini kwangu, kwenye kantini ya kiwanda, roho ikiwa juu juu. Kinyozi mwenye mkono wa namna hiyo hana miaka mingi kwenye kazi, na kama hana bahati, siku moja atamkata mtu pabaya.

Ndipo akaniambia anataka kujiunga na Bega kwa Bega.

Hicho ni chama cha wanaume wa mtaa, cha tangu enzi za babu zao. Wana ukumbi wao, wanavaa mishipi ya kijani kifuani, na wakikutana kila mmoja humwekea mwenzake mkono begani kabla ya salamu. Nilizoea kuwacheka. Wanaume wazima wenye matumbo yao kujifunga vitambaa kama zawadi! Lakini haki yao niwape: mwanachama akilazwa hospitali, hakosi mtu kitini kando ya kitanda. Akifiwa, kazi yake ni kulia tu, mengine yote yanafanywa. Nyumba ikiungua, siku hiyohiyo anahamia kwa mwenzake, na watoto wanakwenda shule wakiwa na sare. Fundi baiskeli alipovunjika mguu, ndugu zake wa chama walipokezana dukani kwake, wakaziba pancha vibaya sana, lakini duka halikufungwa.

Nilielewa mara moja. Kaka alitaka siku mkono utakapomtupa awe tayari yumo ndani. Alitaka asaidiwe pasipo mtu yeyote kujua kwamba ana shida.

Kumbe hakuijua sheria yao ya mlangoni. Anayeingia haulizwi ataleta nini. Anasimama mbele ya wote, na ndugu yake mmoja wa nyumbani pembeni, halafu anaomba kitu anachokihitaji kweli. Wakiona anawapiga chenga, wanamrudisha nyumbani mpaka mkutano ujao. Ndugu wa nyumbani wa kaka ni nani mwingine? Nikavaa viatu vyangu vizuri tukaenda.

Mwenyekiti wao ni mwokaji mikate, jitu kubwa lenye sauti ndogo. Akamuuliza, "Mgeni wetu, unaomba nini?"

Kaka akakohoa. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. "Naomba kuazima ngazi. Nataka kupaka rangi dari ya dukani."

Mwokaji akatafakari. "Ngazi unayo. Iko nyuma ya mlango wako, juzi imenichania suruali."

Ukumbi wote ukaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Wakamwekea mkono begani mmoja mmoja, wakamwambia karibu tena.

Mkutano uliofuata akaomba wamwombee afya njema. "Hilo tunakuombea hata usipojiunga," mwokaji akamwambia. "Kwani tunakuchukia? Rudi tena."

Njiani nyumbani nilishindwa kujizuia. "Kaka, waambie habari ya mkono."

"Mkono gani?"

"Wako. Au nimeuona wa jirani?"

"Dada, mle ndani nusu yao ni wateja wangu. Nikiwaambia leo, kesho nani ataniletea shingo yake?"

Nilijua anasema kweli, na ndiyo kwanza nikakasirika. Nikamwambia basi akae na kiburi chake akile kwa mboga. Akaninunia wiki nzima. Kaka akinuna haongei, anafagia. Nyumba yetu haijawahi kuwa safi kama wiki ile.

Kisha akamkata fundi baiskeli sikioni. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, damu tone tu, na fundi baiskeli, muungwana, akasema si kitu, hata baiskeli humkata zaidi ya hapo. Nilikuwepo, nimeleta chakula. Kaka aliuosha ule wembe, akauosha tena, akaufunga katika kitambaa na kuutia kwenye droo. Tangu siku hiyo akawanyoa watu kwa mashine tu. Kidevu chake mwenyewe, alichokuwa akikinyoa kila asubuhi toka ujana wake, kikaanza kuota ndevu. Mtaani wakamtania kwamba anatafuta mchumba. Alicheka nao, na mimi nilitamani kulia, maana nilijua kwamba hawezi tena kujitia wembe shingoni.

Mkutano wa tatu nilidhani hatakwenda. Akaja mlangoni kwangu amevaa koti, akasema, "Twende kabla sijabadili mawazo."

Mwokaji akauliza kama kawaida yake. Kaka hakukohoa. Aliutoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele yake, akauacha utetemeke watu wote wanaona. Ukatetemeka kweli.

"Naomba mtu wa kuninyoa," akasema.

Walikuwemo wanaume waliokuwa wamelaza vichwa vyao nyuma chini ya mkono ule mwaka mzima, na niliona mmoja wao anapapasa koo lake taratibu, kuhakikisha lipo. Mimi nikashika mgongo wa benchi.

"Tangu lini?" mwokaji akauliza.

"Tangu mwaka jana."

"Na ukatunyoa hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Hata mimi?"

"Wewe nilikuwa naushika wembe kwa mikono miwili," kaka akasema. "Shingo yako kubwa."

Fundi baiskeli ndiye aliyeanza kucheka, mkono uko sikioni, na wengine wakamfuata. Hata kaka akacheka, machozi yakimteremka ndevuni. Mwokaji aliwangoja wamalize. Akamuuliza kama amekwenda hospitali. Hajakwenda. "Utakwenda Jumatatu, na hutakwenda peke yako," akasema, kisha akaagiza maji ya moto, sabuni na wembe.

Akamnyoa palepale, mbele ya wote. Mikono iliyozoea kukanda unga haikujua pa kuanzia. Kaka, kichwa nyuma, macho kwenye dari, akawa anamfundisha: "Vuta ngozi kwanza. Usikandamize. Fuata ndevu zinakolala. Hapo chini ya taya, pumua kwanza." Jasho lilimtoka mwokaji kama yuko mbele ya tanuri. Alipomaliza, kaka alikuwa na mikwaruzo kidevuni na kishungi cha ndevu kimesahauliwa chini ya sikio. Wakamvika mshipi wa kijani. Sikuwacheka.

Kilichofuata kilikwenda kama ilivyo desturi ya chama chao. Daktari akampa dawa, ambazo zinapunguza lakini haziponyi, na kila akienda kliniki kuna ndugu wa chama anakwenda naye. Wakamtafuta kinyozi mmoja mtu mzima aliyekuwa akinyolea chini ya mwavuli sokoni, mvua ikija hana kazi, wakawakutanisha. Sasa yule ananyoa, na kaka anakaa benchini, anapiga soga na wateja, anasahihisha. Wateja hawakupungua. Wengine nadhani wanakuja kusikia kinyozi mpya anavyosutwa.

Nilifurahi, lakini acha niseme lililokuwa moyoni: nilikasirika pia. Hasira hiyo niliibeba kwa siku nyingi. Ukumbi mzima wa wanaume umeombwa, na mimi ninayelala chumba cha pili, niliyeviona vikombe vikigonga tangu mwanzo, sikuombwa kitu. Nikajiambia, sawa, kumbe mimi ni ndugu wa kusimama pembeni tu.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni natoa chai motoni. Nikasikia miguu, nikageuka. Kaka amesimama mlangoni, shati liko wazi kuanzia juu hadi chini.

"Dada," akasema, "nifunge vifungo."

Nikapangusa mikono kwenye kanga.

"Vinanichukua muda," akasema. "Ndiyo maana huwa naamka kabla yako. Navianza jogoo anapowika."

Nikavifunga kimoja kimoja kutoka chini. Alikuwa amekonda. Miaka yote hiyo nyumba moja, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilisimama karibu naye namna ile. Nilipofika katikati macho yakanijaa, vifungo vikawa havionekani, ikabidi nipapase.

"Usinihurumie," akasema.

"Nani anakuhurumia? Simama wima, hiki cha juu hakifiki."

Akasimama wima, akainua kidevu. Nikakifunga, nikamnyooshea kola.

"Kesho pia nitakuja," akasema.

Nikamwambia aje.