Nani Kavunja Ungo?

Fundi cherehani huyu walimwita Mama Pindo, maana pindo lake hata likae miaka halifumuki. Siku alipoitwa zahanati alikwenda mbio, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Shuleni kwa binti zake walikuwa wamepita watu wa utafiti wa afya ya vijana, kutaka kujua nani kakua kiasi gani. Hawapimi, wanauliza tu, mtoto anajijibia mwenyewe.

"Mkubwa hana neno, majibu yake yote mazuri," muuguzi alimwambia. "Ila yule mdogo anasema ameshavunja ungo."

"Mtoto wa miaka tisa!"

"Ndiyo maana tumekuita, mama. Ni mapema mno. Daktari anataka apigwe picha ya kichwa, isije ikawa kuna uvimbe."

Weh! Uvimbe kichwani mwa mtoto? Mama Pindo alirudi nyumbani bila hata kuaga. Akamkuta Kitinda, huyo mdogo, anaruka kamba uani. Alimvuta chumbani, akafunga mlango. Mambo haya ulimi wake haukuyazoea hata kidogo.

"Mwanangu, lile jambo ulilomwambia dada wa maswali... ni kweli?"

Mtoto akaanza kulia.

"Ni kweli, mama. Ulipokwenda sokoni. Nisamehe, sikukusudia!"

"Uliumia?"

"Sikuumia. Nilikanyaga tu."

"Ukakanyaga nini, we mtoto?"

Kitinda akaingia uvunguni, akatoka na ungo wa kupepetea, umepasuka katikati. "Aliniuliza kama nimevunja ungo. Nikajua umeshauona, ukamwambia."

Jamani! Mama Pindo alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtiririka, anambusu mtoto kichwa chote, pale pale alipokuwa akihofia uvimbe. Akamwita dada mtu aje asikie kituko.

Mkubwa, binti wa miaka kumi na sita, alisimama mlangoni na gauni lake la shule. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Na wewe si ulisema ndiyo? Ulivunja ungo gani, na sisi tunao huu mmoja tu?" mama alimtania.

"Mimi nilielewa swali, mama. Wenzangu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, wanasikia. Ningesemaje bado?" Akainama. "Bado, mama. Mpaka leo. Naogopa."

Mama akaacha kucheka. Siku zote alidhani binti anaficha mambo yake kwa haya, naye kwa haya hakuuliza. Akaliangalia lile gauni. Alilishona mwenyewe mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, akaacha pindo nene la kushusha kadiri anavyorefuka, kisha akawatambia majirani kwamba nguo yake haiishi. Pindo lilikuwa vilevile. Hakuwahi kulishusha hata mara moja.

"Vaa viatu," alisema. "Tuwahi zahanati kabla hawajafunga."