Wali wa Hitima ya Fundi Saa

Bi Mwiko alikuwa mpishi wa shughuli za dini, na sufuria lake, wallahi, mbuzi akitumbukia hutafutwa kwa tochi. Maulidi zote za mtaa ule, hitima zote, alizipika yeye, na hakuna hata moja aliyoisikia mpaka mwisho. Wenzake wakisimama kumswalia Mtume, yeye kainamia kuni uani, macho mekundu, wapita njia wakidhani analia kwa mapenzi ya dini. Moshi tu, jamani!

Kisha akafa mumewe, fundi saa, mtu mpole hata mbu akimfukuza kwa kunong'ona. Bi Mwiko akaingia eda, na ndani ya eda akawa na ombi moja: siku ya hitima akae na wanawake wenzake, asikie mumewe akitajwa kwenye dua, aitikie amin. Basi.

Ombi hilo alilitoa sebuleni, mbele ya shemeji zake wawili. Mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Mdogo, Ustadhi, alikuwa karudi kutoka masomoni na ndevu na kidole cha kuonya.

"Hitima yenyewe ni bidaa, uzushi katika dini," Ustadhi akasema. "Maiti anataka dua na sadaka. Tena imeagizwa wafiwa wapikiwe, si wapike."

"Maneno mazuri hayo, shemeji. Basi nipikie."

Ustadhi akakohoa, akasema koo linamkereketa.

"Baba yetu alisomewa, babu alisomewa!" mkubwa akafoka. "Leo ndugu yetu azikwe kama paka?"

"Keshazikwa, kaka."

"Usinijibu!"

Wakabishana mpaka chai ikaota utando. Marehemu mwenyewe hakuna aliyemkumbuka. Angekuwepo angewaaga kwa adabu, akaenda zake kibandani kwake.

Mwisho mkubwa akageuka. "Shemeji, wageni ni wengi. Nani mwingine wa kulimudu sufuria lile? Wewe pika tu. Dua ikifika tutakuita."

Siku ikafika. Jirani yake, mshona nguo, alikuja kumsaidia kuosha mchele.

"We shoga, umefiwa au umeajiriwa?"

"Wataniita," Bi Mwiko akasema, akapuliza moto.

Ndani juzuu zikasomwa mbiombio, kama wasomaji wanakimbiza mwizi. Maji ya wali yalikuwa yanaelekea kukauka, jirani kaenda bombani kuosha sahani, ndipo kipaza sauti kikakoroma: dua imeanza. Hakuna aliyekuja kumwita. Bi Mwiko akautupa mwiko, akakimbilia mlango wa kina mama, mikono juu, masizi mpaka viwikoni.

Akaombewa mwenyekiti. Akaombewa mgeni rasmi na safari yake. Likaombewa jengo la msikiti, likaombewa na paa lake jipya. "Na maiti wetu wote. Al-Fatiha." Kwisha.

"Na mume wangu?" Bi Mwiko akauliza, mikono bado juu.

Shemeji mkubwa akachungulia pazia. "Kaingia humo humo kwenye wote, shemeji. Wali vipi?"

Wali ulikuwa umeungua. Harufu yake ilivuka mtaa mzima. Nasikia hata makaburini walipiga chafya. Wageni wakala wamenuna. Ustadhi, aliyesusia kisomo, akatokea na sahani mkononi.

"Bidaa ni kile kisomo," akasema. "Wali hauna kosa." Akaonja, akakunja uso. "Ila huu unalo."

Tangu hapo mtaani fundi saa hana sifa nyingine: ni yule wa hitima ya wali ulioungua. Saa alizowatengenezea zinatembea mikononi mwao, lakini wali ndio wanaoukumbuka.

Kamati nayo ikamwachisha Bi Mwiko kazi. Eda ilipokwisha, hitima iliyofuata walimpikisha mwingine, Bi Mwiko akaalikwa kama mgeni. Ndiyo mara yake ya kwanza kukaa ndani, mkekani, mikono safi, kwa maiti asiyemjua hata kwa sura. Akaitikia amin kwa sauti kuliko wafiwa, na kila amin akaipeleka kimoyomoyo kwa fundi saa wake. Yule maiti mwenye shughuli, shauri yake na ndugu zake.