Miguu Haisahau Mlango

Siku ile naikumbuka kwa miguu zaidi ya kichwa, mwanangu Trezo. Weka simu chini kwanza. Mtu hamsikilizi babu yake huku kidole kinatembea. Nilikuwa kijana, naimba besi katika kwaya ya parokia, na padri wetu akapata nafasi ya kupeleka waimbaji wachache kuhiji Yerusalemu. Mama yangu alilia pale uwanja wa ndege wa Luano kama anayenisindikiza makaburini. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu vipya tu.

Asubuhi ya kwanza tulifika mbele ya ukuta ule ambao Wayahudi huuendea kusali kutoka pembe zote za dunia. Mbele yake kuna uwanja mpana wa mawe, jua linaumulika mpaka macho yanauma. Watu walikuwa wameegemeza paji la uso ukutani, wengine wakilia machozi ya kweli. Nikasema moyoni, kumbe mji mtakatifu una nafasi namna hii!

Hapo nikamwona mzee muuza mikate ya ufuta, sinia kichwani. Alikuwa anauvuka uwanja mtupu, lakini hakuuvuka kama watu wengine. Alikwenda kidogo, akakata kona. Akapita ubavu, kama mtu aliye kwenye uchochoro mwembamba. Kisha akashusha sinia, akainama, akapita mahali pasipo na kitu chochote, akalirudisha sinia kichwani. Nilicheka, nikadhani ana wazimu. Na kwa kuwa njaa ilikuwa inaniuma nikamkimbilia moja kwa moja, naita, "Papa! Papa, mkate!"

Uso wake ulibadilika. Alinisemesha kwa Kifaransa, maana wazee wake walitoka Maghribi kama majirani zake wengi, na Kifaransa sisi sote tulikuwa nacho.

"Rudi nyuma, mwanangu," alisema polepole. "Umesimama jikoni kwa mama yangu."

Nikatazama chini. Mawe matupu. Lakini nakuambia kweli, nilirudi nyuma, tena kwa ncha za vidole.

Tukakaa pembeni, akanieleza. Zamani mji ule ulikuwa umekatwa vipande viwili, Waarabu huku, Wayahudi kule, na Wayahudi walizuiwa kuufikia ukuta wao kwa miaka mingi. Kisha vikaja vita vifupi, havikumaliza hata wiki. Walioshinda wakaufikia ukuta wakilia kwa furaha. Lakini mbele ya ukuta kulikuwa na mtaa mzima: nyumba, ua, majiko, mtini wa jirani. Usiku wakazi wakaambiwa watoke, mashine zikaingia, na mtaa ukawa uwanja ili waombaji wapate mahali. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Sisi wa Lubumbashi msemo huo hatukuusoma kitabuni.

Nikamwuliza swali la kijana asiyejua kunyamaza: "Lakini mzee, nyumba hazipo tena. Kwa nini usipite tu?"

Alinyoosha kidole. Upande wa pili mjukuu wake alikuwa anakuja na birika la chai, kibinti kilichozaliwa mtaa ukiwa umekwisha kusahauliwa na dunia. Akakata kona ileile. Akapita ubavu palepale. Na pale penye mlango, mtoto yule mfupi, ambaye hangegonga kichwa hata kwenye banda la mbuzi, aliinama.

"Mimi sikumfundisha," alisema mzee. "Na mama yake hapendi nimweleze."

Chai waliyonimiminia sikuimaliza, mwanangu. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maiti.

Nikadhani mzee atawatukana wale wanaosali. Wapi! Alisema nao walikuwa na mtaa wao pale juu kidogo, walifukuzwa katika vita vya kabla ya hivyo, na waliporudi aliwaona wazee wao wakipapasa mawe, wanatafuta vizingiti. "Nao wanainama," alisema. Halafu akanikemea kwa upole, na kemeo hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani: "Umekuja kusali, vema. Lakini mahali pakionekana pana nafasi, uliza kwanza nafasi hiyo ilitoka wapi."

Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi ulinipeleka kule Annexe, pembeni mwa mji, kunionyesha kiwanja chako. Nilifurahi, usinune, kijana anayejenga ni heshima ya ukoo. Kamba za fondasio, za msingi wa nyumba, zimekwisha kuvutwa, na Jumatatu masoni, waashi wako, wanachimba. Wewe ulikwenda kubishana nao habari ya mchanga, ukaniacha kwenye kiti na goti langu bovu. Ndipo akapita mama mmoja mwenye beseni la maji kichwani.

Aliziruka kamba zako, akakata kona penye majani matupu. Karibu na mwisho wa kiwanja akashusha beseni, akalibeba mikononi hatua chache, akalipandisha tena. Ukuta ule wa Yerusalemu ulisimama mbele yangu katika Annexe.

Nikamwita. "Mama, juu ya nini unashusha beseni?"

Akashangaa. "Naishusha?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Aa, papa. Nyumba yangu njo ilikuwaka hapa. Mulango ilikuwa ya chini. Siku balibomoa, banatuambia kiwanja iko ya bengine, hata sahani hatukutosha mu nyumba."

"Na unapita hapa kila siku?"

"Niko na mutoto wangu hapa, papa. Ule alizaliwa, hakulia. Tulimulalisha nyuma ya jiko." Akaonyesha kwa kidevu. "Minamupitiaka tu, asiseme mama alimusahabu."

Kidevu kile kilielekea kwenye kamba ya chumba chako cha kulala.

Sikukuambia pale kwa sababu ulikuwa na furaha, na mimi ni mwoga wa kuharibu furaha za watoto. Usiku kucha sikupata usingizi. Najua ulinunua kwa haki, na hakuna jirani aliyekuambia neno. Yule aliyebomoa simjui, na si wewe. Lakini kuna jambo jingine, na nitalisema ingawa litakutisha. Uliporudi kutoka kwa masoni, ukaanza kunionyesha: "Hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba changu na mke wangu." Ulipofika mahali palepale mama yule aliposhusha beseni, uliinama. Wewe, na kimo chako hicho, katika hewa tupu. Ulidhani babu anatazama mawingu.

Basi nasaha yangu ni hii, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jumatatu wasimamishe masoni. Haraka haraka haina baraka, na saruji haiozi ukingoja. Mwite yule mama, mpe kiti, usimsemeshe umesimama. Mwambie akuonyeshe alipomlaza mtoto wake, kamba uzisogeze, na pale upande ua au uache majani. Chumba kikipungua, kipungue. Kisha mwombe apite na beseni lake kama kawaida, na pale atakapolishusha, weka mlango. Mlango mrefu, mwanangu, apite bila kulishusha. Na watoto wako ukiwapata waeleze yote mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, wasije wakainama bila kujua wanainamia nini.

Mungu akujalie nyumba yenye kicheko, na maji yasikauke kwako, na wale waliolala chini ya ardhi yako wakujue kwa jina jema. Nenda sasa, mama yule huteka maji asubuhi. Mpitie kwa barabara, usikate kiwanjani.