Azima: Safari ya Kilwa kwa Ajili ya Cherehani

Niliondoka Lindi kwa sababu ya kitenzi kimoja. Shemeji yangu Bakari, fundi cherehani wa Tingi, alikuwa amemwazima mashine yake fundi mwenzake wa Kikole, Salum. Salum akafariki, nduguze wakaihesabu mashine katika mirathi. Shauri likafika kwa Bwana Shauri, mtawala Mzungu wa wilaya, Kilwa Masoko, na mashine ikazuiwa huko. Bakari, aliyewahi kuwa askari huko Burma, alimkataa mkalimani akajieleza kwa Kiingereza. Alipotaka kusema kwamba ndiye aliyetoa, akasema borrow, mahali pa lend. Mzungu akaelewa kwamba mashine ni ya Salum na Bakari aliiomba tu. Alimruhusu arudi mara moja tu, na shahidi. Akishindwa, mashine iende kwa warithi. Bakari hana kazi nyingine, akaniita mimi ninayejua Kiingereza.

Mto Mbwemkuru. Lori lilikwama matopeni, abiria wote tukashuka kusukuma. Umri wangu umeshapita kazi hiyo. Sehemu iliyobaki nililala juu ya magunia ya ufuta, nguo zikinikaukia mwilini.

Kikole. Bakari alikuwa akinisubiri kando ya barabara. Tukitembea nilimweleza kwamba borrow ni kuchukua na lend ni kutoa.

"Sisi tunasema azima kote kuwili," alisema. "Na Burma hakuna aliyenisahihisha."

"Burma ulikuwa na bunduki, shemeji."

Mjane wa Salum, Bi Zuhura, alikuwa edani. Tulikaa barazani, naye akazungumza nasi akiwa nyuma ya mlango.

"Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Pole na msiba. Bibi, marehemu alisemaje siku alipoleta mashine?"

Mashine ingeingia katika mirathi, ingekuwa ya wanawe.

"Alisema, 'Bakari kaniazima.' Siwezi kumsingizia maiti. Mchukueni kaka yangu, alikuwepo siku hiyo."

Kilwa Masoko. Tulipoitwa, kaka wa Bi Zuhura alieleza alichosikia. Bwana Shauri akataka kauli ya Bakari mwenyewe. Bakari alisimama wima kama yuko kwenye gwaride, akaanza kwa Kiingereza, "I...", akakwama. Nilijua anatafuta lipi kati ya yale mawili.

"Shemeji," nilimnong'oneza, "sema kwa lugha yetu."

Kisha akasema taratibu, "Nilimwazima." Mkalimani alitafsiri bila kusita, na mashine ikarudishwa kwa mwenyewe.

Nje, Bakari aliibeba begani bila furaha. "Nimepigana pamoja na Wazungu. Leo nimesemewa."

"Umesema mwenyewe. Mkalimani ametafsiri tu."

Tukaagana, yeye kwenda Tingi, mimi na kaka wa Bi Zuhura kurudi kusini.

Njiani nililifikiria neno hilo. Miaka yote niliyojifundisha Kiingereza niliona azima ni neno maskini, linafanya kazi ya maneno mawili. Sikuwa nimelitazama vizuri. Niliazima: nimechukua. Nilimwazima: nimetoa. Silabi moja katikati ndiyo inayosema mali ni ya nani, na Bakari alikuwa nayo tangu utotoni.

Kikole tulimkuta Bi Zuhura nyuma ya mlango uleule.

"Kaipata?" aliuliza.

"Kaipata."

"Haya," alisema. Nikamsikia akiwaita wanawe waje waondoe vitambaa mezani, pale mashine ilipokuwa ikikaa.