Mimi, mama mkwe na kushoto kwa meli

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa milimani na wa majini.

Humu mimi ni msomaji tu. Kuandika naogopa, shule yangu iliishia la saba. Ila hili lilinikuta mwenyewe, na penye shaka nitasema nina shaka.

Ilikuwa 2013. Mimi ni mkulima wa Kasulu, mke wangu kwao Kibondo. Mdogo wake ameolewa kijiji kimoja kusini, kando ya ziwa Tanganyika. Akajifungua mapacha, hali yake ikawa mbaya, na hana mtu wa kumuuguza.

Mama yao akasema anakwenda. Barabara ya maana hakuna, usafiri ni meli, na ikikupitiliza kijiji chako utakaa siku nyingi hadi igeuze safari.

Nikapewa kazi ya kumsindikiza mama mkwe.

Mliokulia mjini nielezeni vizuri hapa, yaani nieleweni. Kwetu sisi, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamkai mkitazamana, hamshikani mikono, na jina langu hawezi kulitamka hata nyumba ikiungua. Nikimwamkia "Mwakeye, mama", natazama chini, naye anaitikia akitazama migomba.

Na ziwa wote wawili tulilijua kwa dagaa tu.

Kigoma tukapanda meli. Baharia mmoja wa makamo akatukusanya wageni, akatupa darasa. Mbele ya meli ni omo. Nyuma ni tezi. Hapa mnapokanyaga ni sitaha.

Halafu akasema: "Kushoto ni kwa meli, sio kwako. Tazama omo kwanza, ndio ujue kushoto ni wapi."

Nikaelewa kabisa. Au nilidhani.

Mama Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, nami kumweleza ana kwa ana naona haya. Tukampata dada mmoja wa Kasulu, muuza maharage. Mimi namwambia dada kwa Kiha, dada anamwambia mama kwa Kiha kile kile, na mama yupo hapo hapo anasikia.

Dada akacheka sana. "Kumbe mimi ndio redio yenu."

Nikampa mama nafasi ya heshima juu ya mizigo, anatazama omo. Mimi nikampa mgongo, nikatazama tezi. Ndivyo tulivyosafiri.

Asubuhi dada akashuka kijiji cha kwanza. Redio ikazimika.

Baadaye tukatangaziwa kijiji chetu. Pale hakuna gati, meli inasimama majini, mitumbwi inafuata abiria. Tukaambiwa mitumbwi iko kushoto, tufanye haraka.

Nikajitwisha mfuko wa unga, nikaenda kushoto. Kushoto kwangu mimi. Nilijua mama yuko nyuma yangu, na kugeuka kumwangalia sio adabu.

Nikafika ukingoni, maji matupu. Nikasema mitumbwi bado. Nikasimama pale kwa kujiamini kabisa wakuu, kama mwenye meli.

Ndipo nikasikia, "Yeremiya!"

Sauti ya mwanamke, upande wa pili. Nikadhani ni Yeremiya mwingine.

"Yeremiya wa Kasulu! Mume wa Adelina!"

Nilikimbia na unga wangu kichwani.

Mtumbwi wa mwisho ulikuwa umejaa, mwenyewe anataka kuondoka. Mama mkwe kaziba ngazi ya kushukia, mguu mmoja ngazini, mwingine sitahani, mikono imeng'ang'ania chuma. Baharia anamsihi ashuke au arudi. Hashuki, harudi. Akishuka peke yake, mimi na chakula cha mgonjwa tunapelekwa kusini zaidi. Akirudi, mwanawe anabaki bila mtu.

Baharia akaniangalia. "Bwana, nilisema kushoto kwa nani?"

Nikajibu kwa meli.

Kwa haki, alitufundisha vizuri, sina lawama naye. Wala sisemi mama ana akili kunizidi. Alikaa akitazama omo, kwa hiyo kushoto kwake na kwa meli ni kumoja. Lakini kuikanyaga ile ngazi ili meli isiondoke, hiyo ilikuwa akili yake, siwezi kumnyima.

Nikatangulia mtumbwini. Ngazi inacheza chini ya mama. Nikatafuta mwanamke wa kumpokea, wote wamebeba watoto. Mama akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe kwake.

"Nishike mkono, mkwe wangu. Heshima tutaikuta mchangani."

Nikamshika. Kiganja kigumu cha jembe, kama cha mama yangu mzazi. Hakuniachia hata alipokwisha kukaa. Mtumbwi ulipogusa mchanga ndipo akaniachia, akajitanda kitenge, akanipa mgongo, akatangulia. Mimi nyuma na unga.

Bintiye alipona. Mapacha sasa wanakimbizana na kuku.

Nilichojifunza: ukipanda meli, kabla hujatafuta pa kukaa, tafuta omo iko wapi. Na mtu unayesafiri naye, zungumza naye mwenyewe, redio hushuka njiani.

Mabaharia mliomo humu, nilipokosea majina ya sehemu za meli nisahihisheni. Na wenzangu Waha, niambieni, ule mkono nilifanya vibaya kuushika? Wazee wa Kibondo niliowasimulia wamegawanyika.

Mama mwenyewe sijamuuliza. Naona haya.