Jiko Alilojenga Harrison

Mama mdogo wangu, Verna Tohannie, hakujua kutulia. Kahawa aliinywa amesimama mlangoni, macho kwa kondoo. Kwa hiyo Marcelline, binti kutoka mji wa Shiprock aliyekuwa akitengeneza filamu kuhusu wachimbaji wa madini ya urani, alipomwomba akae mbele ya kamera, nilicheka.

"Huyo labda umfunge kamba."

Wakakubaliana amrekodi akioka mkate uani, kwenye jiko la mawe alilojenga marehemu mumewe, Harrison. Enzi za mgodi, Harrison alikuwa akirudi na mawe yenye mistari ya manjano, mazuri ajabu, ndiyo akajengea jiko. Mapafu yalimuua kabla hajapata mvi, na mgodi ukaachwa wazi pale mlimani.

Mkate ulipoiva, Marcelline alitoa kifaa cha kupimia mionzi. Kwenye ukuta wa nyumba kilinyamaza. Alipokisogeza kwenye lile jiko kikalia mfululizo.

"Hebu kizime, mbwa wanashtuka," akasema mama mdogo.

"Bibi, ni haya mawe. Yana sumu."

"Sumu gani? Wanangu wote wamekula mkate wa hapa!"

Rolanda, bintiye mwenye figo mbovu, alikuwa kasimama nasi, kipande cha mkate mdomoni. Mama mdogo akakinyakua, akakitupa, kisha akakimbilia kukiokota kabla mbwa hawajakifikia. Akabaki nacho mkononi, hajui akiweke wapi.

Tangu hapo akawa hashikiki. Alimburuta Marcelline na kifaa chake kwa kila mjane wa mchimbaji.

"Verna, umekuja kutubomolea nyumba?" wifi yake Ula Mae alimfokea.

"Bomoa usibomoe, shauri yako. Lakini ujue!"

Kifaa kililia kwa Ula Mae pia, chumbani wanakolala wajukuu, kilichojengwa kwa mawe yale yale ya mgodi. Siku hiyo wawili hao walilia pamoja, kisha wakahamisha magodoro.

Filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa mikutano, watu wakapiga kelele wakidai hatua, na hatimaye wakaja wafanyakazi waliovaa mavazi meupe ya kujikinga na sumu, wakalibeba lile jiko na kuivunja nyumba ya Ula Mae ili ajengewe nyingine. Mlima wenyewe hawakuugusa.

Siku za Rolanda kusafishwa damu hospitalini, mimi ndiye dereva. Mama mdogo hukaa nyuma, akimtazama bintiye kisogoni.

"Mama, acha kunitazama hivyo. Ulinipikia tu."

"Nimenyamaza, sijasema kitu."

"Unasema kwa macho."

Mama mdogo akageukia dirishani, kisha akanigonga begani. "Kanyaga mafuta, mwanangu. Mbona unaendesha kama tunakwenda matembezi?"